Uzi maalumu: Baiskeli ya kuegemea kwenye milima na tope la Nyanda za Juu Kusini

MwanaUporoto

Wakuu, kwema? Mvua imeshashika na barabara za ndani zimeanza kuchimbika, kwa hiyo huu ndio wakati wake. Naongelea baiskeli za kuegemea, zile ambazo unakaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu imetangulia na pedeli ziko mbele yako usawa wa nyonga. Zipo za magurudumu mawili na zipo za matatu. Ninayotumia mimi ni ya matatu, mawili mbele na moja nyuma, niliinunua kwa msafiri mmoja aliyekatisha safari yake hapa Mbeya. Njia zangu ni Uyole, Isyonje na vijiji vya Uporoto, na mara nyingine nateremka mpaka Kiwira na Tukuyu. Naendesha nikiwa na mzigo, mvua na jua.

Nianze na gia. Kwenye baiskeli ya kawaida kama Phoenix ukifika mlimani unasimama juu ya pedeli na kuutupa mwili wote chini. Kwenye kiti cha kuegemea hiyo haipo, hakuna kusimama. Ukitaka kusukuma kwa nguvu unakandamiza mgongo kwenye kiti, na ukifanya hivyo kila siku magoti yatakudai. Dawa ni gia nyepesi sana na miguu inayozunguka haraka. Phoenix yenye meno 48 mbele na 20 nyuma inakusogeza zaidi ya mita 5 kwa kila mzunguko wa pedeli. Yangu ina gurudumu la inchi 20 nyuma, sproketi ndogo ya mbele ni meno 22 na kubwa ya nyuma ni meno 34, kwa hiyo mzunguko mmoja unanisogeza chini kidogo ya mita 1. Nikizungusha mara 60 kwa dakika natembea kama kilomita 3 na nusu kwa saa. Anayetembea kwa miguu ananipita, na mimi sina haraka naye, kwa sababu yeye hana gunia la mbolea mgongoni. Nikichoka navuta breki ya kuegesha katikati ya mlima, napumua, natazama mashamba ya pareto, naondoka tena. Hakuna kuyumba. Mwenye magurudumu mawili kwa mwendo huo anapigana na balansi kuliko anavyopigana na mlima.

Sasa tope. Wengi wanadhani mlima wenye utelezi unamshinda mtu kwa sababu ya miguu. Miguu inaweza, tairi ndilo linalogoma. Pigeni hesabu hii. Tuseme mimi, chombo na nguo zilizolowa ni kilo 100. Mlima wa asilimia 10, yaani unaopanda mita 10 katika kila mita 100, unadai msukumo wa kilo 10 ili tu usirudi nyuma. Kwenye chombo cha mawili mbele na moja nyuma, gurudumu la nyuma linabeba karibu theluthi ya uzito, kilo 33 hivi. Udongo uliolowa ukikupa mshiko wa sehemu 3 katika 10, gurudumu hilo litasukuma kilo 10 na baada ya hapo linazunguka bure. Umefika mwisho, hata uwe na nguvu kiasi gani.

Sasa nikifunga debe la viazi, kilo 20 hivi, juu kabisa ya gurudumu la nyuma, mlima unadai kilo 12 kwa sababu uzito wote umekuwa 120. Lakini gurudumu sasa lina kilo 53 na linaweza kusukuma karibu 16. Mzigo umeongezeka na mlima umekuwa mwepesi kuuvuka. Ndiyo maana kwenye tope siondoki nyumbani keria ikiwa tupu, hata kama sina cha kupeleka. Tairi la nyuma ni la vifundo vikubwa na upepo naupunguza mpaka ubavu wake ubonyee kidogo kwa kidole gumba.

Udongo nao haufanani. Rungwe yote ni majivu ya volkano yaliyooza, meusi na laini, na Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo kule ardhi hailali ikakauka. Pasipokanyagwa maji yanapita chini haraka, lakini pale palipokanyagwa na watu na ng'ombe panateleza kama sabuni. Iringa mjini mvua yake haifiki hata nusu ya ile ya Tukuyu. Ukienda Mufindi na Njombe unakutana na udongo mwekundu, na huo shida yake ni kunata. Unajaza nafasi kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linasimama lenyewe. Huku kwetu madigadi yakae karibu na tairi ili yasikurushie maji mikononi. Mufindi yaacheni wazi, vidole viwili vya mtu mzima vipite.

Umbo la njia ni jambo ambalo hakuna anayekuambia. Njia zetu za miguu zina mfereji katikati uliochimbwa na nyayo, baiskeli na maji. Chombo changu kinaupenda mfereji huo: magurudumu ya mbele yanapita juu ya majani pande zote mbili, la nyuma linashuka katikati. Majani yana mshiko kuliko tope, kwa hiyo usukani unakaa imara. Tatizo ni jiwe au kisiki kilichosimama mferejini, kwa sababu fremu iko chini na inakipata kabla ya tairi. Barabara ya magari ni mbaya zaidi. Mifereji miwili ya tairi za Fuso imeachana kuliko upana wangu, kwa hiyo gurudumu moja liko shimoni na jingine juu ya tuta, nakwenda nimeinama upande. Kama tuta la katikati ni pana, napita juu yake.

Kuteremka ndiko kunakohitaji akili. Mkono wa kushoto unashika breki ya gurudumu la kushoto, wa kulia ya kulia. Kwenye tope ukivuta mmoja kuliko mwingine chombo kinageuka. Zangu ni breki za ngoma, zile za ndani kama za pikipiki, maji na mchanga haviingii kirahisi. Breki za kubana rimu zikilowa zinateleza kwanza ndipo zinashika, na mchanga unakula rimu. Lakini ngoma nazo zikifanya kazi muda mrefu zinapata moto na kulegea, kwa hiyo mteremko wa kwenda Kiwira naukata vipande: nashuka, nasimama, nasikiliza joto kwa mkono, nashuka tena.

Lami kuu ya TANZAM, ile ya Dar kwenda Zambia, wakati wa ukungu sigusi. Kichwa changu kiko usawa wa tairi la semi. Nina bendera ndefu ya rangi kali na taa nyekundu, lakini dereva anayepanda Mlima Nyoka baada ya kuendesha usiku kucha haangalii chini. Kitonga msijaribu kabisa.

Karibuni kwa maswali.

Kijana wa Ipogolo

Mkuu, uzi umeshiba. Mimi nashusha na kupanda Ipogolo, hapa Iringa, kila siku na baiskeli ya gia ya mtumba. Swali langu ni la ukweli: kama hizi baiskeli zina faida hivyo, kwa nini kwenye mashindano hatuzioni? Huku ukimwonyesha mtu picha anasema hicho ni chombo cha mgonjwa.

MwanaUporoto

Kaka, hilo lina jibu kamili. Mfaransa Charles Mochet alitengeneza baiskeli ya kuegemea ya magurudumu mawili, na tarehe 7 Julai 1933 Francis Faure aliipanda kwenye uwanja wa mbio za baiskeli pale Paris akaenda kilomita 45.055 kwa saa moja. Rekodi iliyokuwepo ilikuwa ya Oscar Egg, kilomita 44.247, iliyodumu tangu 1914. Faure hakuwa mshindani wa daraja la juu, na aliipiku. Shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli likakaa, na mwaka 1934 likaandika upya maana ya baiskeli ya mashindano ili ya namna hiyo isiingie. Tangu hapo viwanda vikubwa havikuwa na sababu ya kuzitengeneza. Waendeshaji hawakuzikataa, zilifungiwa mlango.

Ila nikuongezee: ushindi ule ulitokana na kupunguza upepo, mwili ukiwa umelala. Kwenye kupanda Ipogolo upepo si kitu, uko polepole mno. Faida ya upepo utaiona ukitoka Mafinga kwenda Makambako, kwenye tambarare. Mlimani faida ni mgongo, makalio na kusimama bila kuanguka.

Mama Ndulamo

Kamwene wadau. Mimi ni mwalimu huku Makete, na njia yangu ya shule ni kupanda na kushuka tu. Kaka MwanaUporoto, naomba unieleze mambo mawili. Mvua ikinyesha umelala chali, haikupigi usoni? Na sisi wa gauni na kitenge tunafanyaje?

MwanaUporoto

Kamwene dada. Maswali yako ni muhimu kuliko ya gia.

Mvua inakupiga usoni, ndiyo. Vaa kofia yenye ukingo mrefu chini ya kofia ya koti la mvua, ukingo ndio unaokinga macho. Mwavuli sahau. Lile koti pana la kujifunika lote halifai kwa sababu linatengeneza bwawa mapajani, na ukikata kona bwawa linakumwagikia. Koti fupi na suruali ya mvua ndiyo mavazi yake. Kiti kiwe cha wavu au turubai lenye matundu, kisiwe cha sponji. Sponji ikinywa maji asubuhi utaikalia imelowa mpaka jioni, na kwa baridi ya Makete hilo ni ugonjwa. Miguu ndiyo inapoa kwanza, maana iko juu na mbele inapigwa na upepo. Soksi za sufu, hata zikilowa zinahifadhi joto.

Gauni na kitenge havikubaliani na chombo hiki, nakwambia wazi. Kitambaa kinaning'inia karibu na cheni na magurudumu ya mbele. Vaa suruali njiani, kitenge kiwe kwenye mfuko mkavu, ujifunge ukifika shuleni.

Na kuna la hatari ambalo kila anayeanza aambiwe: mguu ukiteleza kwenye pedeli iliyolowa, unadondoka chini mbele ya fremu, na chombo kinaendelea kwenda. Ardhi inaushika mguu na kuuvuta chini ya kiti. Kifundo kinavunjika hapo. Kwa hiyo funga kamba nyuma ya kisigino kwenye kila pedeli, mkanda wa mpira wa tyubu ya zamani unatosha. Gambuti msivae, soli yake kubwa haikai kwenye pedeli.

Mzee wa Kiwira

Vijana, nawasoma. Mimi nimefanya ufundi wa baiskeli tangu enzi za baiskeli za Swala. Hiyo cheni ndefu inalainishwaje kwenye mvua ya huku? Sisi tunatumia oili chafu ya gereji, ni ya bure na nzito, haioshwi na maji.

MwanaUporoto

Shikamoo mzee wangu. Cheni yake ni karibu cheni tatu za kawaida zilizounganishwa, inapita chini ya kiti ndani ya mabomba. Mabomba niliyotia ni mpira mweusi wa maji wa nusu inchi. Oili chafu kwenye cheni fupi iliyo wazi unaweza kuvumilia, kwa sababu unaipangusa. Ndani ya bomba inabeba mchanga na kuusaga humo humo, ndani ya msimu mmoja cheni imerefuka na meno ya sproketi yamechongoka. Mimi natia oili nyepesi mpya, kidogo, na kila jioni ya mvua namwaga maji safi mdomo wa juu wa bomba mpaka yatoke meupe chini. Nazungusha pedeli kinyumenyume na kitambaa mkononi. Ni kazi ya muda wa chai kuchemka.

Mzee wa Kiwira

Marahaba. Hapo kwenye bomba umenishika. Ila toboa matundu mawili upande wa chini wa bomba, maji yasilale humo usiku.

MwanaUporoto

Asante sana mzee. Hilo nalifanya kesho asubuhi.

Fundi Mafinga

Kaka, mimi nachomelea maguta na mageti. Nimesoma hesabu yako ya kilo 33 zaidi ya mara moja. Kwa hesabu hiyo hiyo, kwa nini usigeuze? Moja mbele, mawili nyuma kama guta, na ekseli nzima inayosukuma yote mawili, isiyo na difu, yaani kile kifaa kinachoruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa mwendo tofauti. Mwendeshaji ukimkalisha karibu na ekseli, theluthi mbili za uzito ziko kwenye magurudumu yanayosukuma. Kilo 66 kwa mshiko wako wa sehemu 3 katika 10 ni karibu kilo 20. Huo ni mlima wa asilimia 20.

MwanaUporoto

Fundi, umegusa penyewe. Kwa tope na milima yetu, ukiniuliza leo chombo gani kitengenezwe hapa hapa, nitasema hicho. Wengi wanaotengeneza za mawili nyuma wanasukuma gurudumu moja tu kati ya hayo mawili, kwa sababu ekseli nzima inagoma kukata kona kwenye lami. Basi wanarudi kwenye kilo 33 zile zile. Kwenye tope ekseli nzima haigomi, tairi la ndani linateleza kidogo na kona inakatika. Lami yetu ni fupi kuliko tope letu.

Na kuteremka kunakuwa salama zaidi upande mmoja: ukifunga breki moja kwenye ekseli, ngoma au diski ya pikipiki, inashika magurudumu yote mawili sawasawa. Hakuna kuvutwa upande kama kwangu.

Upande wa pili uangalie sana. Chombo chenye gurudumu moja mbele kinapinduka kwenda mbele na nje ukikata kona huku unashuka na umeshika breki. Kiti kiwe chini, sentimita 40 kutoka ardhini au pungufu, na dereva apunguze mwendo kabla ya kona, asipunguze ndani ya kona. Mzigo uwe kati ya mgongo wa kiti na ekseli. Ukiuweka nyuma ya ekseli, kwenye mlima mkali gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani haushiki kitu.

Kijana wa Ipogolo

Nina ndugu yangu miguu haifanyi kazi, anatumia baiskeli ya kuzungusha kwa mikono. Mvua ikianza anakaa ndani mpaka Mei. Hii ya ekseli nzima inaweza kuwa ya mikono?

Fundi Mafinga

Inaweza, na kwake ndiyo ina maana zaidi. Nyingi za mikono zinazotumika huku zinasukuma gurudumu moja, na gia hazina, ndiyo maana mlima unawashinda. Cheni ya mikono nitaishusha mpaka kwenye ekseli. Mikono ina nguvu ndogo kuliko miguu, kwa hiyo gia yake iwe nyepesi hata kuliko ya MwanaUporoto.

MwanaUporoto

Naunga mkono. Na breki yake iwe na kifungio cha kuegesha kinachoaminika. Yeye akikwama mlimani hawezi kuteremsha mguu. Hili fundi usilipunguze hata bei ikipanda.

Fundi Mafinga

Sitalipunguza. Nimepata ekseli ya milimita 20 na beringi zenye nyumba zake, zile za mashine za kusaga. Friwili nitaiweka kwenye ekseli ili pedeli zisizunguke chombo kikishuka. Magurudumu nimewaza ya inchi 26, yanapita mashimo vizuri.

MwanaUporoto

Weka 20. Baiskeli ya kawaida inalala kwenye kona, kwa hiyo spoku zinabebeshwa uzito wa juu kwenda chini tu. Ya magurudumu matatu hailali, kona inasukuma rimu kwa ubavuni, na gurudumu kubwa linapinda kwanza. Nyuma ni 20, za spoku nene kama za guta. Mbele ukipenda weka 26, hiyo inashikwa na uma pande zote mbili na itakusaidia kupanda mawe.

Fundi Mafinga

Sawa. Na upana?

MwanaUporoto

Nje kwa nje sentimita 75, isizidi 80. Madaraja ya mbao ya vijito vya huku mengi yamewekwa kwa ajili ya mtu na baiskeli. Kabla hujachomelea, pita njia ya shule ya Mama Ndulamo au njia ya huyo ndugu wa Ipogolo na futi, upime pale palipobana kuliko pote.

Mama Ndulamo

Kwangu pamebana darajani, chini ya mianzi ya ulanzi. Kesho nikitoka kazini nitapima, nitaweka vipimo hapa.